Kufuli Tatu

Chama tulikiita Vidole Vitano,
kwa kuwa kimoja, tulisema, hakivunji chawa.
Tulikuwa thelathini na mmoja pale Cirunga,
na jina lilitukaa kama koti la mtumba:
mabega sawa, mikono imepita vidole.

Mradi ulitupa mabati kumi na manne,
mlango wa mbao nzito,
na kufuli tatu. Ndiyo, tatu,
ili mwizi akiwa ni mmoja wetu
awahitaji wenzake wawili.
Ufunguo wa kwanza: Bahizire, rais.
Wa pili: Nankafu, mweka hazina.
Wa tatu ni huu hapa. Karani ni mimi.

Mwezi wa sita tulijaza magunia
maharagwe ya mbegu, mekundu yenye madoa,
kila mtu debe lake, wengine nusu,
Cishugi bakuli, akaapa kuwa ni debe.
Yote niliandika. Nina mwandiko mzuri.

Kisha pompa.
Pompa ya chama, ya dawa ya nyanya,
ililala kwa Bahizire wiki tatu,
na kumbe haikulala, ilikuwa inazunguka Kavumu
kwa franka elfu mbili kwa siku.
Nilisimama mkutanoni, nikasema.
Alinyamaza. Alivua kofia.
"Karani," akaniambia, "tusomee ukurasa wako."
Miezi minne sikuwa nimetoa mchango.
Miezi minne, mbele ya jina langu,
alama ya ndiyo, kwa kalamu ileile ya buluu
iliyowaandikia wenzangu deni.

Hakuna aliyecheka. Kicheko kingekuwa nafuu.

Mvua ikaja tarehe tisa, Septemba.
Udongo ukafunguka wenyewe, bila ufunguo.
Nankafu alikuwa Bukavu, huko Kadutu,
kwa binti yake aliyejifungua,
ufunguo shingoni, nyuma ya rozari.
Alimtuma motari: nakuja Jumamosi.
Jumamosi akaja kweli.
Akasimama mlangoni tangu misa ya asubuhi
mpaka maziwa ya mwana wa binti yake
yakamkumbusha kurudi.
Bahizire alisema: nitakwenda, karani akiniomba radhi.
Mimi nilisema nina homa.
Kutoka kwangu hadi ghalani ni hatua mia mbili.
Nilizihesabu usiku, nikiwa nimelala chali.

Watu wakapanda walichopata.
Wengine walinunua Mudaka,
kwa bei ya muuzaji aliyekwisha kuona mawingu.
M'Cibalonza aliyatoa maharagwe kwenye sufuria,
yaliyokuwa yameloweshwa kwa chakula cha jioni,
akayafukia moja moja, watoto wakimtazama.

Wiki ya tatu tulikutana, hatukuwa tumeagana.
Labda kila mmoja alidhani atawakuta wawili wengine
wanamsema.
Kufuli ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Ya tatu, yangu, kutu ilikuwa imeimeza.
Nilizungusha, nikatema mate, nikazungusha.
Ndipo mtoto wa Cishugi, wa miaka saba hivi,
akauliza: "Lakini bawaba si ziko nje?"

Na kweli ziko nje.
Parafujo nane, vichwa vyake vinatutazama.
Kisu cha kumenyea viazi kingetosha.
Tangu mwezi wa sita ghala hili lilikuwa wazi
kwa upande ule mwingine,
na hakuna aliyeiba.
Au hakuna aliyetazama.
Bado sijui niandike lipi.

Ndani fukusi walikuwa wakila kwa sauti,
mvua nyembamba isiyolowesha kitu.
Tukayatoa magunia juani.
Bahizire akanipa ungo bila kuniangalia,
nikaupokea bila kumwangalia,
tukapepeta, vumbi likatupaka sote rangi moja.
Kwenye kila viganja vitatu tuliokoa kimoja.
Cishugi alidai debe lake zima.

Jioni nilifungua ukurasa wangu,
nikazikata zile alama nne,
kalamu ileile, nikaandika: deni.
Sijamwonyesha mtu.

Pompa bado iko Kavumu.